Bodi ya Wakwe

Kumpata mchumba ni kazi, lakini kumpata mjumbe wa bodi ya chama cha kujitolea ni kazi na nusu. Mchumba utamwahidi nyumba na watoto. Mjumbe utamwahidi nini? Vikao visivyo na posho, chai ya rangi, na simu ya alfajiri kwamba kuna mzee kavunjika nyonga na hana kiti cha magurudumu. Mama Magongo aliyajua hayo kuliko mtu yeyote mtaani, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa chama hicho tangu kilipozaliwa, na kilizaliwa sebuleni kwake. Mumewe aliugua mpaka akafariki, akaacha kiti cha magurudumu na jozi ya magongo. Jirani akaja kuazima kiti, mwingine akaja kuazima magongo, na jina likamganda.

Sasa chama kilikuwa na viti, magongo, vitanda vya wagonjwa vile vya kuinua upande wa kichwani, na chumba cha kupanga karibu na soko. Zamani chumba hicho kilikuwa saluni. Vioo vilibaki ukutani pamoja na masinki ya kuoshea nywele, kwa hiyo mgeni akiingia huviona viti mara mbili, vya kweli na vya kiooni, akadhani chama ni tajiri. Viti vya kawaida havikuwapo. Bodi ilipokutana, wajumbe walikaa kwenye hivyo hivyo viti vya wagonjwa, na mtu akipandwa na hasira katikati ya hoja hujikuta anarudi nyuma taratibu, kwa kuwa kasahau kufunga breki.

Wajumbe wa mwanzo aliwatafuta kama wanavyotafutwa kwingine, kwa vyeo vyao. Alimpata meneja wa benki, akahudhuria vikao viwili, cha tatu akatuma salamu, kisha salamu nazo zikakoma. Alimpata mwanasiasa, naye akapigwa picha akisukuma kiti kitupu, akashinda uchaguzi, na simu yake haikupatikana tena. Alimpata mwalimu mkuu mwenye maneno matamu, ambaye kila alichopewa kufanya alisema, "Hilo limekwisha." Kweli lilikuwa limekwisha, maana hakuna aliyeliona tena. Mama Magongo hakuwa mtu wa kinyongo, lakini kwa hao watatu alijiwekea kinyongo cha akiba.

Dawa aliipata siku mwanawe alipooa. Mezani alikaa na baba wa bibi harusi, mhasibu aliyekuwa ndiyo kwanza amestaafu, mtu mpole wa tai na miwani. Wakacheka kicheko kile cha wakwe wapya, cha kuoneshana meno yote, na katikati ya kicheko akamwambia, "Mzazi mwenzangu, chama changu hakina mweka hazina." Mhasibu akameza tonge lililokuwa mdomoni, akasema, "Nitakuja." Na akaja. Alikuja kila mwezi, na tai yake shingoni.

Kumbe mkwe hakatai! Mama Magongo akawa kama mtu aliyechimba choo akakuta maji. Akamchukua shangazi wa bibi harusi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na pikapu ya kubebea vitanda. Akamchukua mjomba, seremala. Binti yake naye alipoolewa, akawavuna wakwe wa upande ule vilevile, mshonaji mmoja mzee na dada yake mjane. Watu wakacheka wakaiita bodi ya wakwe, na yeye akacheka kuliko wote. Siku ya mkutano wa mwaka alisimama akamwonesha mkamwana wake, mke wa mwanawe, mbele ya ukumbi mzima. "Mnamwona huyu? Ndoa ya huyu ndiyo nguzo ya chama. Ikitikisika hii, sote tunalala nje!" Watu wakapiga makofi. Mkamwana akatabasamu, akainamisha macho.

Bodi ikatulia miaka. Kisha hospitali ya mji ikajitokeza na neema. Ilikuwa na stoo kubwa imejaa vitanda visivyotumika, na ilikuwa tayari kukikabidhi chama vyote, stoo na vitanda. Mama Magongo alitaka kulia aliposikia. Waliokuwa wakisubiri vitanda walikuwa wengi kuliko vitanda vyenyewe, na mara kwa mara ndugu wa mgonjwa alikuja kusema kwamba kitanda hakihitajiki tena, asante, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Lakini matroni wa hospitali, mama wa maneno machache, alikuwa na sharti lake. "Nataka bodi kamili, na kila mjumbe aweke sahihi kwamba atakaa muhula mzima wa miaka mitatu. Nimechoka na vyama vya watu wawili na muhuri." Wakakubaliana wakutane Jumamosi, sahihi ziwekwe.

Alhamisi jioni Mama Magongo alikuwa kwenye chumba cha chama na mkamwana wake. Huyu binti alifanya kazi maabara, na akitoka kazini alipitia pale kuvihudumia viti. Alikuwa amekaa chini, kiti kimepinduliwa mbele yake, anatoa nyuzi na nywele zilizojisokota kwenye magurudumu madogo ya mbele. Hayo magurudumu hukusanya kila kitu cha sakafuni, na yasiposafishwa kiti huenda upande kama mlevi.

"Shangazi yako kakubali. Mjomba kakubali. Baba yako hata sina wasiwasi naye," Mama Magongo alisema, akikunja vidole kimoja kimoja. "Miaka mitatu hiyo tumeshaitia kapuni, mwanangu."

Mkamwana akaacha kuvuta nyuzi. "Mama, miaka mitatu mimi siwezi."

"Wewe tena? Wewe si mjumbe."

"Najua. Lakini mimi ndiye ninayewashikilia walio wajumbe." Akaifuta mikono kwa tambara, polepole, kidole baada ya kidole. "Mimi na mwanao tumeshaachana, mama. Bado kusema tu. Tangu mvua za mwaka jana yeye analala kwenye kochi."

Waliishi vyumba vya uani, hatua chache kutoka jikoni kwa Mama Magongo, na Mama Magongo hakuwa ameona kitu. Au tuseme aliona. Aliona mwanawe akinywa chai amesimama, aliona taa ya sebuleni ikiwaka chumba cha kulala kikiwa giza, na akaona ni heri asione. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye mshindo hakuutaka.

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Hanipigi, hanitukani, hana mwanamke mwingine. Hanioni tu. Nami nimefika mahali simwoni. Tukikutana mlangoni tunapishana kama wapangaji."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tungesema lini?" Binti hakupandisha sauti. "Nilitaka kuondoka kabla ya mkutano wa mwaka huu, nikaogopa kukuharibia mkutano. Halafu vikaja vile vitanda vya msaada, baba akawa anahangaika na ushuru, nikasema viingie kwanza. Vikaingia. Sasa hii miaka mitatu. Nikiondoka, baba hataweza kukaa na wewe meza moja, unamjua. Shangazi atamfuata, na mjomba atamfuata shangazi. Si wewe mwenyewe ulisema mimi ndiye nguzo?"

"Jamani, ulikuwa utani!"

"Najua ulikuwa utani, mama. Lakini watu walipiga makofi."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema neno jema. Mama Magongo alikuwa na maneno mengi mema, alikuwa ameyatumia kwa wagonjwa na wafiwa maisha yake yote. Lakini mbele ya macho yake aliiona ile stoo ya hospitali na vitanda vyake, na lililotoka mdomoni likawa hili: "Basi ngoja Jumamosi ipite. Waweke sahihi kwanza. Halafu tutaona."

"Sawa, mama," mkamwana akasema, akarudi kwenye gurudumu lake.

Funika kombe mwanaharamu apite. Kombe likafunikwa, na Mama Magongo akaenda nyumbani na moyo mzito asioweza kuueleza. Alikuwa amemwomba mtu mwenye kiu asubiri, na mtu huyo akakubali haraka mno, kwa sababu alikuwa amezoea.

Asubuhi alimkuta mwanawe uani, fundi umeme wa magari, anapanga bisibisi zake kwenye mkoba. Kikombe cha chai kilikuwa juu ya ukuta.

"Mkeo kaniambia," alisema.

Mwanawe hakushtuka. "Kakwambia? Si tulikubaliana asubiri."

"Mlikubaliana?"

"Mama, sisi hatupatani kwa lolote, hata rangi ya pazia. Lakini hili tulipatana siku moja tu, bila kubishana. Tusikuvunjie chama." Alisema kwa majivuno kidogo, kama mtoto anayemwonesha mama yake alama za darasani.

Mama Magongo alisimama pale mpaka mwanawe akaondoka. Wana wake walikuwa wamepatana kwa jambo moja, na jambo lenyewe ni kuendelea kuteseka kwa ajili yake. Angekuwa mtu wa kulia uani angelia. Badala yake aliingia ndani, akaoga, na mchana akaenda kwa mzazi mwenzake peke yake. Habari ya namna hiyo hupelekwa na wazee, watu wawili watatu, na maneno ya kuzunguka. Yeye hakuona sababu ya kuzunguka. Alikuwa amezunguka vya kutosha.

Mhasibu alikuwa sebuleni peke yake, mkewe ametoka. Tai ya kesho ilikuwa tayari imeshatundikwa kwenye mgongo wa kiti.

"Karibu, mzazi mwenzangu. Kuna nini? Kikao si kesho?"

"Watoto wetu wameshindwana," alisema kabla hajakaa. "Nimekuja mwenyewe, usije ukasikia barabarani."

Mhasibu akamvutia kiti, kisha naye akaketi. Hatimaye akauliza, "Binti yangu kakosa nini?"

"Hakukosa. Hata wangu hakukosa. Wamechoka. Wangeachana zamani, ila walikuwa wanailinda bodi."

"Bodi gani?"

"Bodi yangu mimi. Walijua ndoa ikivunjika wewe utaondoka."

Mhasibu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. "Unaikumbuka siku uliyoniomba? Pale mezani, harusini?"

"Nitaisahau? Ulikubali papo hapo. Nimeisimulia mpaka watu wamenichoka."

"Nilikuwa nimestaafu wiki ile ile. Nilikuwa nimeapa sigusi tena hesabu za mtu. Tuliporudi nyumbani nikamwambia mke wangu, kesho nitampigia yule mama nimweleze siwezi. Mke wangu akaniuliza swali moja tu. 'Mtoto wako leo analala nyumba ya nani?'"

Mama Magongo hakulielewa mara moja. Alilielewa kidogo kidogo, na kila lilivyozidi kuingia alizidi kutamani asingekaa.

"Uliogopa nitamtesa?"

"Sikukujua bado. Mkwe utamjua kwa siku moja? Nikajiambia, mzee, vaa tai uende. Baadaye nilikuja kukujua, nikajua wewe si mtu wa hivyo. Lakini nilikuwa nimeshazoea kwenda." Akairudisha miwani usoni. "Usiniombe radhi. Kazi ilikuwa njema. Ila hukuniuliza, mzazi mwenzangu. Ulinitajia tu."

Mama Magongo aliona aibu ya kweli. Miaka yote alijisifu kwamba amegundua siri ya kudumisha bodi. Alidhani wakwe hawakatai kwa heshima. Kumbe alikuwa ameshika watoto wa watu rehani, akakaa juu ya rehani hiyo akiendesha vikao na kutania.

"Kesho usije," alisema. Kisha akajisahihisha. "Yaani, njoo ukipenda. Sijui hata nisemeje. Mara hii unaweza kukataa. Binti yako akitaka anarudi hapa leo hii, na hakuna atakayemuuliza neno."

Mhasibu aliitazama tai kwenye kiti. "Basi naomba nisije," alisema kwa uangalifu, kama anayejaribu kiatu kipya dukani aone kama kinabana.

Jumamosi matroni alifika kwa wakati, akakaa kwenye kiti cha magurudumu bila kuuliza, akafunga breki mwenyewe. Mjomba seremala alituma salamu. Mshonaji na dada yake walikuwapo, na shangazi akaingia wa mwisho, funguo za pikapu mkononi, uso umekunjamana.

"Sikai," shangazi alisema. "Nimekuja kubeba vitu vya mtoto. Nimepitia hapa nikwambie uso kwa uso, maana mimi si mtu wa kutuma salamu. Mgonjwa akiwapo, pikapu mtaipata hata usiku wa manane. Lakini kwenye hii bodi usinihesabu. Nina hasira na wewe, na hasira yangu haijaisha."

"Una haki nayo," Mama Magongo alisema, na shangazi, aliyekuwa amejiandaa kwa mabishano, akabaki anachezesha funguo.

Kisha Mama Magongo akawageukia wale wawili wa upande wa binti yake. Akawaambia kwamba nao wako huru, kwamba mtoto wao ataishi kwa amani na mke wake watie sahihi au wasitie, na kwamba yeye mwenyewe akiona vibaya au vizuri, hilo ni lake. Mshonaji mzee alimtazama dada yake. "Kweli tunaweza?" akauliza, na bila kungoja jibu akainuka kwa kasi ambayo hakuna aliyejua kuwa bado anayo. Kiti chake kikarudi nyuma, kikagonga sinki. Hata shangazi akacheka. Dada mtu hakuinuka. Alisema yeye atakaa, kwake kuna kelele za wajukuu, na hapa angalau watu wanazungumza kwa zamu.

Matroni aliwaangalia waliobaki. "Hii si bodi, mama. Hawa ni watu wawili na muhuri."

"Naona."

"Ungeweza kuwaacha waweke sahihi. Nisingejua."

"Ningejua mimi."

Matroni akafungua breki. "Nitakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo stoo nitawapa wengine, na vitanda. Usinilaumu."

"Sitakulaumu," Mama Magongo alisema, ingawa alikuwa tayari anawafikiria wale watakaokuja kusema kwamba kitanda hakihitajiki tena.

Walipoondoka wote, mkamwana aliingia kurudisha ufunguo wake wa chumba cha chama. Nje pikapu ilikuwa imebeba godoro, masanduku na meza ya kupigia pasi. Mwanamume aliyekuwa mumewe alikuwa amesaidia kupakia, na kwa mujibu wa shangazi, walikuwa wamezungumza siku hiyo kuliko mwaka mzima.

"Nataka kukuuliza jambo," Mama Magongo alisema. "Si kama mkwe. Ungekaa kwenye bodi? Hii kazi unaijua kuliko sisi wote. Malipo hakuna, vikao haviishi, na watu watakupigia simu wakilia. Sikufichi."

"Nikikataa je?"

"Utakuwa umekataa. Kesho nitakusalimu kama leo."

Binti akavitazama viti vilivyopangwa mbele ya vioo. Alivitazama kwa muda, kimoja kimoja, na Mama Magongo akaanza kutumaini, akatumaini sana, kwa namna isiyofaa kwa mtu wa umri wake.

"Nakataa, mama," binti akasema.

Ilimuuma. Wala hakujidanganya kwamba haikumuuma. "Haya, mwanangu," alisema, akatoka naye nje, akamsaidia kukaza kamba ya godoro.

Asubuhi ya siku ya pili alivaa viatu vyake vya kikao, akaenda kwa mhasibu. Binti ndiye aliyefungua mlango, kitambaa kichwani, macho ya mtu aliyelala usingizi wake wote. Akaamkia, akaitikiwa, akamletea mgeni maji. Mhasibu akatoka chumbani, shati nje, shingo tupu, akaketi mbele ya Mama Magongo, mikono magotini. Wakaulizana hali. Wakaulizana hali za majirani. Kisha mhasibu akangoja, kwa sababu miaka yote mwanamke huyu hakuwahi kukanyaga pale bila ombi.

"Sema tu, mzazi mwenzangu," alisema mwishowe. "Umekuja kwa lipi?"

"Nimekuja kusalimia."

"Na lingine?"

"Hakuna lingine."

Baba akamtazama binti, binti akamtazama baba. Mama Magongo akanywa maji yake yote, taratibu, kwa maana ombi lilikuwa limeshamfika kwenye ncha ya ulimi. Mwisho wa mwezi haukuwa mbali, na mbele yake alikaa mweka hazina bora aliyepata kumjua. Akalimeza pamoja na maji, akaweka bilauri mezani, akaaga, akaenda zake.